Picha ya CT ya ubongo ilisomwa "kawaida", kesho yake upande mzima umegeuka mweusi: tulikosea wapi?

#1 TabibuWaZamu (mtoa mada)

Habari zenu wadau. Naleta kisa ambacho kimeninyima usingizi, na naomba kisomwe kwa jicho la kitaalamu kabla ya jicho la lawama. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliletwa akiwa amepooza ghafla mkono na mguu wa kulia, na maneno hayatoki. Tangu dalili zianze hadi alipolazwa kwenye mashine ya CT (eksirei inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande) ilikuwa saa 1 na dakika 20. Sukari yake ilikuwa sawa. Picha ilipigwa bila kontrasti (dawa ya kuing'arisha mishipa ya damu), nikaipitia mwenyewe, kisha ikaja ripoti yenye mstari mmoja: hakuna kasoro iliyoonekana.

Hapo ndipo nilipopotea njia. Kwa kuwa ndugu zake walisema alitikisika kidogo wakati anaanguka, nilijiambia kwamba huenda ni ule ulegevu wa muda unaofuata kifafa, nikamweka chini ya uangalizi, na saa zikapita. Picha ya pili, iliyopigwa kesho yake, ilionyesha eneo lote la ateri ya kati ya ubongo upande wa kushoto limekuwa jeusi, mikunjo ya gamba la ubongo imefutika, na ventrikali (chumba cha maji ndani ya ubongo) ya upande huo imebanwa.

Mimi nashikilia kwamba picha ya kwanza haikuwa na kitu cha kuonwa, kwa sababu CT ya mapema haikioni kiharusi cha kuziba. Mwenzangu mmoja anasema kitu kilikuwepo na hatukukiona. Je, sisi tusio wanaradiolojia tunapaswa kujua nini hasa kabla ya kutamka neno "kawaida"?

#2 Kivuli

Pole mkuu. Kwa sehemu kubwa nasimama upande wako. CT ya kawaida haipigi picha ya mtiririko wa damu wala ya seli zinazokufa. Inapima tu jinsi kila tishu inavyopunguza nguvu ya miale ya eksirei inayopita ndani yake. Ubongo uliokosa damu huvuta maji, na kila asilimia 1 ya maji inayoongezeka hushusha msongamano wa tishu kwa takriban vipimo 2 hadi 3 vya Hounsfield (nambari za CT: zikishuka, tishu huonekana nyeusi zaidi). Katika saa ya kwanza na nusu maji hayo bado ni kidogo mno, hivyo picha inaweza kuwa safi huku mgonjwa amelala mbele yako hawezi kuinua mkono. Tatizo hapa ni saa, wala si macho yako.

#3 Dirisha40

Kivuli, hesabu yako naikubali, lakini hitimisho lako silikubali. Kabla ya kusema hakuna kitu, tuulize kwanza picha ilitazamwa katika dirisha gani, yaani sehemu gani ya nambari hizo iligawiwa rangi za kijivu.

Kwa wasiofahamu: maji yamepewa 0, hewa -1000, mafuta yako kati ya -50 na -100, maji yanayozunguka ubongo yako 0 hadi 15, dutu nyeupe 20 hadi 30, dutu ya kijivu 35 hadi 45, damu mpya iliyoganda 60 hadi 80, na mfupa unaanzia mamia na kupita 1000. Mtaona kwamba ubongo wote, pamoja na siri zake, umebanwa katika kipande kidogo sana cha kipimo hicho, na jicho la mwanadamu haliwezi kutofautisha rangi za kijivu elfu kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana tunachagua dirisha. Dirisha la kawaida la ubongo lina upana wa 80 na kitovu cha 40, yaani kila kilicho chini ya 0 ni cheusi kabisa na kila kilicho juu ya 80 ni cheupe kabisa. Ukipunguza upana uwe 40 na kitovu kikabaki 40, rangi zote za kijivu zinagawanywa kati ya 20 na 60 tu. Tofauti ya vipimo 3 katika dirisha la kwanza ni chini ya asilimia 4 ya ngazi nzima ya rangi. Katika dirisha la pili ni asilimia 7.5. Ni picha ile ile, ni mashine ile ile, lakini kinachojitokeza si kile kile.

Kwa faida ya wanafunzi: "dutu nyeupe" kwenye CT ni nyeusi kuliko "dutu ya kijivu", kwa sababu ina mafuta mengi zaidi. Aliyezipa majina alikuwa anatazama ubongo mkononi, si kwenye skrini.

#4 MpigaPichaMkongwe

Salaam. Madaktari mnabishana juu ya saa na dirisha, nami niliye upande wa pili wa kioo nauliza: kichwa kilikuwa kimenyooka? Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi amegeuza shingo, haelewi maagizo, na anatafuta kushuka mezani. Kichwa kikilala upande, kipande kimoja cha picha kinapita kwenye insula (sehemu ya gamba la ubongo iliyojificha pembeni) upande mmoja na juu ya insula upande wa pili. Sasa wewe unalinganisha kushoto na kulia ukidhani unalinganisha pacha na pacha, kumbe unalinganisha ghorofa mbili tofauti. Programu inaweza kunyoosha picha baadaye, lakini ni lazima mtu aombe.

La pili ni unene wa vipande. Ateri ya kati ya ubongo ina upana wa milimita 3 hivi pale inapoanza. Ukitazama vipande vya milimita 5, donge la damu ndani ya ateri hiyo linachanganywa na maji yaliyo juu na chini yake, na weupe wake unafifia. Omba vipande vya milimita 1. Vitakuwa na chengachenga nyingi, lakini ateri itajitokeza.

#5 DamuKwanza

Wakuu, mnazunguka mbali. Kosa la msingi ni kusoma bila utaratibu. Mimi nilifundishwa kupita kwa mpangilio mmoja kila mara, hata kama jibu limenirukia usoni: kwanza damu, pili sisterna (mabwawa ya maji yanayozunguka ubongo), tatu ubongo wenyewe, nne ventrikali, mwisho mfupa katika dirisha lake la upana wa 2000 na zaidi. Anayeanza na ubongo akakuta doa moja, huridhika na kuacha kutafuta, na ufa wa fuvu unabaki peke yake gizani. Damu ni rahisi kwa sababu daima ni nyeupe. Ukiimaliza hiyo, akili inatulia kwa ajili ya mengine.

#6 BintiRadiolojia

DamuKwanza, mpangilio wako nauheshimu na mimi nautumia, ila hilo neno "daima" litakuponza. Weupe wa damu unatokana na protini ya himoglobini iliyojikusanya donge linapokaza. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, himoglobini ikishuka chini ya gramu 8 hadi 10 kwa desilita, anaweza kuvuja damu leo na donge likawa na rangi sawa na ubongo. Damu inayoendelea kuvuja sasa hivi, ambayo haijaganda, huonekana kama mizunguko ya kiza ndani ya weupe, na hiyo ni dalili mbaya kuliko weupe wenyewe. Na damu iliyo chini ya dura (utando mgumu wa nje wa ubongo), kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, hupita katika kipindi ambacho inafanana kabisa na gamba la ubongo, kabla haijageuka kuwa nyeusi.

Niliwahi kusoma picha ya mzee wa miaka zaidi ya themanini aliyekuwa anachanganyikiwa polepole. Hakukuwa na weupe popote, mstari wa kati umenyooka, na kila kitu kinalingana pande zote. Nilikaribia kuandika "kawaida kwa umri", nikasita kwenye neno "umri". Ventrikali zake zilikuwa nyembamba kama za kijana wa miaka ishirini, na mikunjo ya ubongo haikufika kwenye fuvu. Iliishia sentimita moja ndani, kana kwamba kuna mtu amefuta ukingo wa mchoro kwa kifutio. Alikuwa na damu ya zamani pande zote mbili, yenye rangi ile ile ya ubongo, na kwa sababu ilikandamiza pande zote sawa, mstari wa kati haukuhama. Mzee mwenye ubongo wa kijana ni wa kutiliwa shaka, si wa kupongezwa.

#7 MwanafunziWaMwakaWaMwisho

Asanteni kwa darasa. Samahani kwa swali dogo: katika picha ya mtoa mada, kiharusi kiko kushoto, kwa hiyo nitazame kushoto kwa skrini?

#8 Kivuli

Hapana. Picha ya CT inatazamwa kana kwamba umesimama miguuni mwa mgonjwa aliyelala chali, ukimtazama kuelekea kichwani. Kulia kwake ni kushoto kwako. Swali si dogo, kuna watu wazima na vyeo vyao wamewahi kulikosea. Soma herufi iliyo pembeni ya picha kila mara.

#9 MsomajiKimya

Nimekuwa nikisoma kimyakimya, lakini BintiRadiolojia amenikumbusha aibu yangu kwa upande wa pili. Katika miezi yangu ya kwanza ya zamu niliona doa jeupe katikati ya ubongo, nyuma ya ventrikali ya tatu, nikampigia daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo saa tisa usiku nikimwambia kuna damu. Akaniuliza swali moja tu: "Umeweka kipimo juu yake?" Nikaweka. Kikasoma 140. Damu iliyoganda haifiki huko. Ile ilikuwa tezi ya pineali yenye chokaa, kitu ambacho watu wazima wengi sana wanacho. Vivyo hivyo chokaa katika koroidi (tishu inayotengeneza maji ya ubongo), ndani ya ventrikali za pembeni, na katika utando wa kati. Tangu siku hiyo siamini weupe wowote kabla ya kuuwekea nambari.

#10 DamuKwanza

Saa tisa usiku kwa ajili ya pineali! Nadhani bingwa huyo bado anasimulia.

BintiRadiolojia, nakubali, "daima" nalifuta. Lakini naongeza: damu ya chini ya araknoida (utando mwembamba unaofunika ubongo) huonekana vizuri sana katika saa 6 za mwanzo kwa mashine ya kisasa na msomaji mzoefu, kisha uwezo wa kuiona unashuka kadiri siku zinavyopita, kwa sababu maji ya ubongo yanaiosha. Mtu mwenye kichwa kilichouma ghafla kama radi, akija siku ya tatu, CT safi haimruhusu kwenda nyumbani bila kupimwa maji ya uti wa mgongo au mishipa yenyewe.

#11 MuuguziWaDharura

Naomba niseme ambalo naona mnalipita pembeni. Nimesoma post ya kwanza mara mbili. Hata kama macho yangekuwa ya tai na dirisha lingekuwa sahihi, swali ambalo CT ya kwanza ilipelekwa kujibu halikuwa "je, kuna kiharusi?" Kiharusi kilikuwa kitandani, mkono umelegea na maneno hayatoki. Swali lilikuwa "je, kuna damu?" Jibu likawa hapana. Jibu hilo ndilo linalofungua mlango wa dawa ya kuyeyusha donge ndani ya saa 4 na nusu, kama hakuna kizuizi kingine. Tunaisubiri picha safi kwa hamu, na ikija tunaifanya sababu ya kungoja! Kwangu mimi kosa halikuwa la kusoma picha, lilikuwa la kusoma neno "kawaida".

#12 TabibuWaZamu (mtoa mada)

Muuguzi, limeniingia. Sina cha kujitetea isipokuwa kile kitikisiko walichokisimulia ndugu. Lakini bado nataka kujua kama picha yenyewe ilikuwa inaniambia kitu.

#13 Dirisha40

Ifungue tena, upana 40, kitovu 40. Anza na insula: kwa mtu mzima kuna utepe wa kijivu unaoonekana wazi pembeni, ndani ya bonde la Sylvius (mfereji mkubwa wa pembeni mwa ubongo), ukipauka upande mmoja tu, hiyo ni dalili. Nenda kwenye kiini cha lentifomu (fungu la dutu ya kijivu ndani kabisa ya ubongo), tazama kama kingo zake zimeyeyuka. Kisha mikunjo ya gamba, imejaa upande mmoja? Mwisho ateri yenyewe, ni nyeupe kuliko ya upande wa pili? Linganisha pande zote mbili, kwa sababu mtu aliyekaukiwa maji au mwenye damu nzito ana mishipa myeupe kote, na hapo weupe hauna maana.

Kuna kipimo cha alama 10 kwa ajili ya eneo la ateri hiyo, kinachoitwa ASPECTS, kilichotangazwa mwaka 2000 na watafiti wa Alberta, Kanada. Unagawa eneo katika sehemu 10, na kila sehemu yenye dalili za mapema unaondoa alama 1. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kinakulazimisha kutazama sehemu 10 ambazo ungeziruka, kuliko hata alama unayoipata mwishoni.

#14 MpigaPichaMkongwe

Na kumbukeni kipimo hicho hakihusu ubongo wa nyuma. Kati ya mifupa miwili ya petrosi (mifupa migumu ya sikio chini ya fuvu) miale inachujwa vibaya na kuacha mistari ya kiza juu ya shina la ubongo. Kila wiki naulizwa kama ule mstari ni kiharusi. Ni mfupa unatupa kivuli, basi.

#15 MwanafunziWaMwakaWaMwisho

Inashangaza kwamba daktari Hounsfield aliyaona haya yote tangu miaka ya sabini.

#16 MsomajiKimya

Hounsfield hakuwa daktari, alikuwa mhandisi wa kampuni ya EMI nchini Uingereza. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, akifanya kazi na mwanaradiolojia James Ambrose. Picha za wakati huo zilikuwa na visanduku 80 kwa 80 tu, na kila mkato ulichukua dakika kadhaa. Tuzo ya Nobel ya 1979 alipewa pamoja na Allan Cormack, ambaye ni mwanafizikia. Kwa hiyo wote wawili wasingeruhusiwa kuandika ripoti tunayoijadili hapa.

#17 Kivuli

Turudi. Kama mnataka usalama, kwa nini tusirudie CT kwa kila mgonjwa baada ya saa 6? Mionzi yake ni sawa na picha moja tu ya kifua.

#18 BintiRadiolojia

Si sawa hata kidogo. CT ya kichwa ni takriban milisiverti (kipimo cha mionzi) 2, na picha moja ya kifua ni kama milisiverti 0.02. Unazungumzia mara 100 hivi. Hata hivyo, kwa mtu mzima mwenye kiharusi mionzi haiwezi kuwa sababu ya kusita. Sababu ya kusita ni kwamba kungoja saa 6 ni kumngojea afe ubongo ili picha ituridhishe. Kama swali ni mshipa, pigeni CT ya mishipa yenye kontrasti pale pale mezani. Donge kwenye ateri kubwa linaonekana hata kama ubongo wenyewe bado ni safi, na kwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa vizuri linaweza kuvutwa nje hadi saa 24 tangu dalili zianze.

Nami nina swali langu kwa mtoa mada, ambalo hakuna aliyeliuliza. Kwenye fomu ya maombi uliandika nini?

#19 TabibuWaZamu (mtoa mada)

Nimeitafuta. Niliandika: "CT ubongo. Kapoteza fahamu?" Upande wa udhaifu sikuuandika. Saa ya kuanza kwa dalili sikuiandika.

#20 BintiRadiolojia

Basi aliyesoma alitafuta chanzo cha kupoteza fahamu: damu, uvimbe, maji yaliyojaa kwenye ventrikali. Hakuwa na sababu ya kukaa dakika tatu kwenye insula ya kushoto. Sisemi angeiona, nasema hukumwambia aende wapi.

#21 Kivuli

Huo ni uonevu kidogo. Msomaji anatakiwa atazame insula zote mbili kwa kila picha, fomu iwe na maneno au isiwe nayo. Mimi bado nasema ilikuwa mapema.

#22 TabibuWaZamu (mtoa mada)

Nimeifungua kama alivyoelekeza Dirisha40, vipande vyembamba, kichwa kimenyooshwa. Mpiga picha alikuwa sahihi, kilikuwa kimelala kulia. Naona utepe wa insula ya kushoto umepauka sehemu ya mbele, na ateri ya kushoto inasoma 52 wakati ya kulia inasoma 38. Lakini sijiamini tena, kwa sababu picha ya pili nimeshaiona na macho yangu yanajua pa kwenda.

#23 Kivuli

Hilo ndilo tatizo la mijadala yote ya aina hii. Baada ya kujua jibu, kila mtu ana dirisha sahihi. Ila hiyo 52 kwa 38, nakiri, si ya kubuni.

#24 DamuKwanza

Kivuli amekiri jambo! Wasimamizi, uzi huu uhifadhiwe.

#25 TabibuWaZamu (mtoa mada)

Leo asubuhi nimewaonyesha wenzangu wawili wa zamu picha ya kwanza peke yake, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuwaambia chochote. Mmoja ameitazama kwa dakika moja akasema ni ya kawaida. Wa pili hakutazama kwanza. Ameuliza mgonjwa alikuwa dhaifu upande gani.

#26 MuuguziWaDharura

Ukamwambia?

#27 TabibuWaZamu (mtoa mada)

Nilimwambia. Akaibana dirisha, akakaa kimya kidogo, akaweka kidole kwenye insula ya kushoto. Kisha akaniuliza kama nina uhakika na saa dalili zilipoanza, au ni saa aliyokutwa chini. Nimerudi kwenye jalada. Imeandikwa saa ndugu walipofika.